Nilijua kuendesha gari, nikaangushwa na kigari cha mezani

Wakuu, habari zenu na poleni na mihangaiko. Kuna mwenzetu ameuliza huku kama kuna haja ya kulipia mafunzo ya driving school wakati tayari anajua kuendesha.

Nimeanza kumjibu, jibu likawa refu, nimeona bora nifungue uzi. Haya yamenipata mimi mwenyewe na siongezi chumvi, maana hata bila chumvi bado yananiuma.

Mimi ni mwanamke, nakaa Jericho, Nairobi. Kazi yangu ni kupakia oda za viatu kwenye karakana moja ya ngozi pale Kariokor. Kutulia mahali pamoja siwezi, nimeumbwa hivyo.

Sasa karakana ina van moja ya kupeleka viatu madukani. Dereva wake alituaga kwamba anarudi kwao magharibi kulima. Bosi wetu, mama mmoja Mkamba asiye na maneno mengi, akaniita mimi na Oloo, mwenzangu anayeshona soli.

"Nyinyi wawili mnataka hii gari," akasema. "Mwenye ataniletea leseni kwanza, ndiye ataendesha."

Wakuu, hiyo van niliitaka vibaya sana. Kupakia masanduku kutwa nzima umeelekea ukuta, huku mwingine anatoka kuzunguka mji, kwa mtu wa aina yangu ni mateso.

Na kuendesha nilikuwa najua. Mjomba wangu Shikuku ni dereva wa lori la mchanga, na ndiye aliyenifunza kwa pikapu ya rafiki yake. Nimeiingiza hiyo pikapu Muthurwa siku soko limejaa. Nimerudi nyuma kwenye vichochoro ambako hata mkokoteni unakwama. (Leseni ilikuwa wapi? Tuendelee na stori.)

Oloo hakuwahi kushika usukani maishani. Akajiandikisha driving school, akawa anaenda kila jioni baada ya kazi. Wakati wa lunch unamkuta anasukuma kipande cha soli juu ya meza, anajiongelesha: "Naangalia kioo, natoa indiketa, naingia leni ya kushoto." Tulimcheka karakana nzima.

Hata hivyo roho haikutulia. Nikamuuliza mjomba kama na mimi niende. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Shule ni ya watu hawana mjomba," akasema. "Wewe lipa tu wakuandikishe test. Hiyo ingine tulimaliza."

Basi nikalipia jina tu kwenye driving school, niandikishwe kwa mtihani. Mwalimu wa ile shule alinipigia simu nije angalau nifanye mazoezi ya board. Nilienda jioni moja, nikakuta watu wamezunguka meza wakingoja zamu, taratibu, mmoja mmoja. Nikaona nitaota mizizi hapo. Nikaondoka.

Kwa wasioijua, board ni meza kubwa iliyochorwa mji: barabara, raundabauti, maegesho. Unapewa kigari cha kuchezea. Afisa anakwambia toka hapa uende pale, nawe unakisukuma kwa mkono huku ukieleza kila unachofanya. Siku yetu, ukianguka hapo, gari la kweli hupewi.

Siku ya test foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Nilienda getini nikarudi, nikaenda tena. Oloo alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani, ametulia kabisa. Nilitamani kumfinya.

Zamu yangu ikafika. Afisa alikuwa mtu mpole, hata siwezi kumlaumu.

"Toka hapa, pitia raundabauti, ufike hospitali."

Mkono ukaenda wenyewe, wakuu. Kabla ya raundabauti nikakata kushoto, nikaingiza kigari kwenye petrol station iliyochorwa pale kwenye kona, nikatokea upande wa pili. Vile watu wa kwetu Eastlands hufanya kila asubuhi.

"Unaenda kuweka mafuta?" akaniuliza.

"Hapana mkubwa, nahepa jam."

Akaiangalia meza, kisha akaniangalia mimi.

"Madam, jam iko wapi? Hapa uko peke yako."

Watu walicheka nyuma yangu. Nikababaika, nikarudisha kigari kinyumenyume kwenye barabara ya kwenda upande mmoja tu. Kioo sikukitaja. Indiketa sikuitaja. Akaniomba nikiweke chini.

Nilimsihi anipe gari lenyewe kidogo tu, aone. Akasema mtihani ni mmoja kwa wote, nirudi nikiwa tayari.

Oloo alipita. Barabarani alienda polepole mno na gari likamzimikia, lakini vioo vyote alivitaja.

Nilipomweleza mjomba, akauliza, "Kwani kupitia petrol station ni makosa?"

Bosi naye hakungoja nirudie mtihani, akampa Oloo funguo za van. Neno lake ni lile lile.

Nikaenda mafunzo kwa hasira. Mwalimu hakuwa na jipya la kunifunza kuhusu gia wala klachi. Kazi yake kubwa ilikuwa kunitoa tabia: mkono kuning'inia dirishani, kuchomeka pua ya gari bila indiketa, kupiga honi badala ya kungoja. Mara ya pili nikapita bila shida.

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza, nenda. Hata kama umekulia kwenye usukani, nenda wakuonyeshe wanachotaka kuona, na ile meza uivumilie.

Mimi leseni sasa ninayo. Lakini Oloo bado hawezi kuitoa van kwenye kichochoro chetu kwa rivasi. Kila asubuhi nasimama nyuma yake kumwongoza: leta, leta, kata kulia, simama. Akishatoka ananiambia asante dada, na anamaanisha, ni mtu mzuri, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Anapotea kwenye kona, nami narudi kwa masanduku.

Nishaurini wakuu. Niendelee kungoja pale, au nibebe leseni yangu nikatafute gari kwingine? Naomba majibu ya haraka, maana jana bosi alinisifu mbele ya wote, akasema hakuna mtu anaongoza gari vizuri kama mimi.