Elektroni Aliyesimama Kuamkia

Wiki iliyopita nilikuwa Msowero, nimeegemea uzio wa sekondari moja nikisubiri bodaboda, nikaona wanafunzi wakikimbia kwenye maduara yaliyochorwa kwa majivu uwanjani. Mwalimu wa kemia alisimama katikati, mikono nyuma. Nikamuuliza watoto wa watu wamekosa nini. Akasema hiyo si adhabu, ni atomu ya sodiamu: wanafunzi ni elektroni, yeye ndiye kiini.

Kwenye duara la nje alikimbia binti mmoja, peke yake. Njia ya kwenda mashine ya kusaga inapita hapohapo, na bibi mmoja akatokea na ndoo ya mahindi kichwani. Binti akasimama, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Binti akaipokea ndoo.

"Elektroni haiamkii watu," mwalimu akafoka.

Bibi akamgeukia taratibu. "Kumbe wewe ndiye unayewafundisha wasiamkie?"

"Shikamoo, bibi. Hapana, mimi ni kiini."

Bibi hakuitikia. Akaondoka na elektroni yake.

Mwalimu akalitazama lile duara tupu, akakohoa, akawaambia waliobaki waandike kwamba sodiamu hupoteza elektroni ya nje kirahisi. Kitabuni elektroni hiyo huchukuliwa na klorini. Kule Msowero inachukuliwa na mwenye ndoo.

Nilipopita mashineni na bodaboda yangu, bibi alikuwa akiwasimulia wenzake kwenye foleni.

"Elektroni wale wana adabu zao," alisema. "Mwenye matatizo ni kiini."