Vipande vya Dorcas Vilivyopinda

Nakumbuka siku moja ya hesabu, mwanangu, na usicheke nikikuita mwanangu. Nakupita miaka tatu tu, lakini kwenye benchi ya nyuma mwenye miaka kumi na saba tayari ni muzee.

Prof alitufundisha pavage: kufunika meza kwa vipande vya umbo moja, bila kuacha nafasi, bila kimoja kupanda juu ya kingine, kama fundi anavyopanga karo ndani ya nyumba. Akasema tufanye wawili wawili, tuonyeshe kesho yake. Mwenzangu alikuwa Dorcas. Yeye na mama yake walikimbia vita ya Djugu, wakapokelewa kwa shangazi yake huku Shari. Alifika katikati ya mwaka, pointi hana. Akikosa kazi hii, atarudia darasa.

Dorcas akakata kipande kimoja cha katoni ya sabuni: pande nne, hakuna uliolingana na mwenzake. Nikamwambia hilo si umbo, ni jino la mbuzi muzee. Darasa ikacheka. Mimi nikachagua pentagoni, zile za pande tano sawa, maana nilikuwa nimeziona kwenye mpira. Ngoma ikilia sana iko karibu kupasuka. Bibi yangu husema hivyo kila siku, na kila siku siko nasikia.

Kesho yake, mbele ya Prof, pentagoni tatu zikakutana vizuri, zikaacha upenyo mwembamba. Ya nne ikagoma kuingia. Nikatoa wembe, nikaanza kuichonga.

"Weye fundi," Prof akasema, "hiki kipande bado ni ndugu ya vingine?"

Akaeleza kwamba pembe zinazokutana mahali pamoja lazima zifike degre mia tatu makumi sita, duara nzima, na zangu tatu hazifiki hata nikichonga mpaka jioni. Akashika kalamu aandike zero, ya wote wawili. Mimi na zero tunajuana toka zamani, mwanangu, lakini Dorcas?

Yeye akafungua mufuko. Kumbe usiku alikuwa amekata vingine kama kile nyumbani, vyote sawasawa. Akaweka kimoja, akageuza cha pili kichwa chini, kikalala kando yake. Meza ikajaa, hata sindano haikupata pa kupita. Prof akafurahi, akapiga bega langu mimi, mutu wa maneno mingi, akisema kumbe na pentagoni nilikuwa ninawachezea tu, kazi yangu ya kweli nilikuwa nimeificha.

Sifa ilikuwa tamu. Lakini nikasimama.

"Prof, hii yote ni ya Dorcas. Mimi nilimucheka."

Dorcas akapata kumi kwa kumi. Mimi nikapewa mbili, za kusema kweli. Dorcas akaniuliza polepole kama jino la mbuzi limenitafuna vizuri.

Basi, mwanangu, mudharau mwiba mguu huota tende. Akija mutu unayemuona amepinda, usimucheke. Sogea kidogo, umupe nafasi ageuke, labda pembe zenu zinakutana. Na sifa isiyo yako irudishe mbio, mbele ya wale wale walioisikia. Mungu akulinde weye na wote wa kwenu, kila asubuhi mukae benchi moja, na asikosekane hata mumoja.