Suruali Yangu Iliyokwenda na Mto Shari

Mke wangu ananikataza kusimulia jambo hili mbele ya wageni, lakini nyinyi si wageni, na tena heri mlisikie kwangu kuliko sokoni, ambako limeshatiwa chumvi mpaka wanasema nilikuwa uchi kabisa, na huo ni uongo, nilikuwa na kaptula ya ndani (ndogo, sikatai, lakini ilikuwepo).

Mvua zilikuwa zimekwisha. Mnajua Bunia mvua ikikatika: matope yanageuka vumbi kabla hujaosha viatu, na Jumamosi ya kwanza ya jua kali familia zinabeba mablanketi kwenda kuyafua mtoni Shari, na chakula, na watoto, na redio, ukingo mzima unakuwa sikukuu. Safari hii mama mkwe alikuwa ametoka Aveba kututembelea. Tangu baba mkwe afariki anaishi kule peke yake, na mke wangu, Mama Debora, alikuwa hapati usingizi kwa kumwaza. Tulitaka ahamie Bunia. Yeye akasema wazi kwamba hawezi kuishi karibu na mkwe asiyejua heshima, na vijana wa mjini heshima walishaitupa. Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe, hamshiki mkono, anamsalimu kwa mbali akitazama chini. Nikasema basi, aje mtoni saa sita atuone, ataujua moyo wangu.

Nikavaa suruali nyeupe. Mtu gani mwenye akili anakwenda kufua blanketi na suruali nyeupe? Nikateleza kwenye mteremko hata beseni sijalitua, nikakalia tope. Nikajiambia jua hili litaikausha kabla hajafika, nikaivua, nikaifua, nikaianika juu ya majani, nikaingia majini kuogelea na wanangu. Jamani, raha. Debora alikuwa anacheka mpaka anakunywa maji, na mdogo wake Plamedi ananipanda mgongoni kama mimi ni gogo.

Sikuona walipotoka. Walikuwa wameamua kuvua samaki, na wavu hawana, basi wakachukua suruali yangu wakaifunga fundo kila mguu, wakaitega mdomo wazi kwenye mkondo (akili wanayo, lazima niwape sifa yao), na mto ukaijaza ukawapokonya. Nikaiona inapita mbele yangu imevimba miguu yote miwili, inakwenda zake bila mimi. Nilipotaka kuifuata nikasikia mke wangu anasema, kwa sauti ya mtu anayekaribia kuzimia, kwamba mama amefika.

Alikuwa amewahi, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, kichwani. Nikazama mpaka kidevuni. Mke wangu angeweza kunipa blanketi, lakini kumtokea mama mkwe umejifunga blanketi, si sawa na kumtokea uchi? Na ng'ambo napo watu wamejaa. Nikamsalimu humo humo majini, macho chini. Akanitazama kidogo, akatua sufuria, akawageukia majirani wa ukingoni.

"Munaona? Banasema batu ya Bunia habana heshima. Mukwe yangu iko anakaa mu maji juu asinikaribie."

Wanawake wakaacha kufua wakaja kumwona mkwe wa ajabu. Chakula kikapakuliwa, mama mkwe akakataza nisiitwe, maana mkwe mwenye adabu hali mbele yake, kwa hiyo mimi nikala harufu ya sombe huku meno yakigongana. Baba mmoja aliwaita wanawe waje waone mfano. Kila sifa ilinifunga zaidi, vidole vya miguu nilikuwa sivisikii tena, na nikafikiri, nikitoka mama anarudi Aveba, nisipotoka wananizika Jumatatu. Mke wangu alikuwa ameficha uso kwenye blanketi, mabega yanatikisika, na wala hakuwa analia.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa akifua kule chini akapanda na kitu cheupe mkononi, mafundo yake yamekaza kwa maji hayafunguki, akauliza ni cha nani.

"Ni pantalo ya papa," Plamedi akajibu. "Iko mu maji bila pantalo."

Ukingo mzima ukacheka kama sijawahi kusikia watu wakicheka. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alifungua kitenge chake cha juu, akanipa mgongo, akaanza kushuka kinyumenyume kwenye mteremko ule ule ulioniangusha mimi nikitembea mbele, mama wa umri ule, mbele ya macho yale yote, bila kuyumba, mpaka maji yakamfika miguuni, akaninyooshea kitenge kwa nyuma bila kugeuza hata shingo. Kwa desturi hata nguo yake sikupaswa kuigusa. Alivunja heshima ndogo ili aokoe kubwa, na mimi sijaona heshima iliyonizidi namna ile.

"Papa Debora, jifungie hii, utoke," akasema. "Mimi nitabakia Bunia. Siwezi kuacha mutoto yangu peke yake na mutu kama weye."

Sasa ana nyumba yake, mtaa wa pili kutoka kwetu, na mke wangu analala usingizi. Mimi mtoni bado nakwenda kila mvua zikikatika, ila naogelea nikiwa nimevaa suruali mbili, moja juu ya nyingine, na atakayecheka acheke.