Deheni ya Babu na Lori la Baba

Oili ya gia ina harufu yake, na aliyewahi kuinusa haichanganyi na nyingine. Inanuka kama yai viza lililosahauliwa mekoni. Juzi, nikipita kwa mafundi wa tuk-tuk pale Tudor, iliniingia puani, nikasimama nikacheka peke yangu, hata kijana mmoja akaniletea kiti akidhani bibi amepatwa na jambo. Sikuwa na jambo, wenzangu. Nilikuwa nimerudi mtaa wa Kuze wa utoto wangu, kwa marehemu Baba na marehemu Babu, Mungu awarehemu, na lori letu lililokuwa likivuja.

Vijia vya ndani vya Kuze havipitishi lori, lakini sisi tulikaa ukingoni, karibu na barabara. Baba akirudi kubeba mawe ya ujenzi, aliliegesha kwenye uwazi mdogo baina ya nyumba yetu na msikiti. Babu, aliyemzaa Baba, alikuwa katika ujana wake akikalafati vyombo vya baharini: akishindilia nyufa za mbao kwa pamba iliyochovywa mafuta ya sifa, yale ya papa, kisha akipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Magoti yalipomchoka, alibaki barazani akilingojea lori. Nafikiri alilipenda kuliko sisi wajukuu, maana lori halikuuliza maswali. Kila jioni alijikongoja akapanda, akalifuta ndani kwa tambara, akainua hata kile kifuniko cha sakafuni kilicho juu ya giaboksi ili afute na chini yake.

Mara oili ikaanza kudondoka. Lori likirudi na joto lake, doa jeusi lilitambaa hadi njia ya msikitini. Waumini walilikanyaga wakaingia nalo hadi mlangoni, na mzee mmoja aliteleza akakaa kitako juu yake na kanzu aliyoitoa pasini muda ule. Maalim wa msikiti, mtu mpole, alikuja akanywa kahawa yetu, kisha akamwambia Baba kwamba watu wamevumilia, lakini Ijumaa ikiukuta tena uchafu ule, itabidi lori likalale Tudor. Baba aliitikia. Babu, pale barazani, aligeuka akalitazama lori. Tudor hakukufikika kwa magoti yale, na nyumba nzima ilijua hali yake itakuwaje akibaki kuutazama uwazi mtupu.

Fundi wetu alikuwa Musyoka, mtu wa bara, aliyekuja alasiri akitoka kazini karakana ya reli. Alibadilisha sili ya nyuma, ule mviringo wa mpira unaoizuia oili pale shafti inapotokea. Ikavuja. Akaishusha giaboksi nzima, akabadilisha na ya mbele. Sasa zikavuja zote mbili. Babu alimwuliza, kwa adabu kamili, kama huko kwao bara oili huwekwa nje ya gari. Fundi akamjibu, kwa adabu hiyo hiyo, kwamba huko kwao wazee saa hizi huwa wamelala.

Alhamisi fundi aliliosha tumbo la lori kwa mafuta ya taa, akalikausha, akaomba unga. Mama akatoa unga wake wa mahamri kwa moyo mzito. Giaboksi ikapakwa ikawa nyeupe kama bi harusi aliyezidishiwa poda, na Baba akaliendesha lori hadi Bondeni na kurudi. Patakapolowa, fundi alitueleza, ndipo panapovuja. Alipochungulia, palikuwa pamelowa mbele, nyuma, na kwenye maungio yote.

"Bwana Bakari," alimwambia Baba, "hii oili haivuji, inasukumwa. Kuna pumzi imefungiwa ndani."

Giaboksi ikipata moto, akasema, hewa yake hutanuka, na juu yake huwa na kitundu cha kuitolea. Akapanda, akainua kile kifuniko cha sakafuni, akachokoa kwa waya. Kikatoka kifundo cha pamba, kimeshindiliwa kwa ustadi, kinanuka papa.

"Nani amekiziba hiki kitundu?"

Baba alikitazama kile kifundo, akakitia mfukoni.

"Mwasemani huko?" Babu aliuliza kutoka barazani.

"Twasema Mungu amesahilisha, Baba," baba yangu alimjibu.

Fundi akafungua kinywa. Baba akamkanyaga mguu, nilimwona.

"Hajasahilisha bado," Babu alisema, akanigeukia mimi. "Zuhura, niletee kopo langu la deheni. Hawa wabadilisha mipira kama watoto. Chombo kikivuja chakalafatiwa."

Basi mkeka ukatandikwa, na wanaume wawili wakamteremsha mzee chini ya lori kama wanaoshusha kabati la vioo. Alipaka kila penye maungio, bismillahi kwa kila kidole. Fundi alimshikia kopo, nalo likitetemeka kwa kicheko alichokizuia.

Ijumaa palikuwa pakavu. Maalim alimpa Babu mkono mbele ya watu, naye Babu akasema hiyo ni dawa ya wazee tu, haina ajabu. Tangu siku ile Fundi Musyoka alimwita Fundi Mkuu, na sikumwona hata mara moja akicheka alipomwita hivyo.

Lakini Babu aliendelea kufuta lori kila jioni, na kwake yeye tundu katika chombo halikuwa jambo la kulala nalo. Kwa hiyo kila alfajiri, akitoka kusali, Baba alipanda na njiti ya ufagio, akainua kifuniko, akachokoa, akatia kitu mfukoni, ndipo akawasha. Mimi nilikua nikiamini kwamba malori yote huchokolewa asubuhi, kama watu wanavyopiga mswaki. Nilipoona la jirani halichokolewi, nilimhurumia.

Babu alifariki nikiwa mwari. Matanga yalipokwisha, nilimwona Baba akipanda lori alfajiri na njiti yake. Aliinua kifuniko, akainama, akakaa. Hapakuwa na pamba. Jua lilipanda, naye bado hajawasha.

Amri ya kuwatendea wema wazazi nilikuwa nimeihifadhi katika Kurani chuoni bila kukosea hata herufi. Tafsiri yake niliipata asubuhi ile.