Wakonyo na Daktari wa Sumaku

Wakonyo wa Kitale alikuwa na mashine ya kusaga mahindi na ulimi usioweza kulala na habari njema. Binti yake Tabby alipopata shahada ya uzamifu ya fizikia huko ng'ambo, mama alitangaza kanisani kwamba mtoto sasa ni daktari. Walipomuuliza daktari wa nini, akasema wa sumaku, maana ndilo neno pekee aliloshika kwenye simu.

Habari ilipofika Bungoma ilikuwa imeshanenepa: binti wa Wakonyo anaponya magoti kwa sumaku. Basi Tabby aliporudi likizo ya Desemba, alimkuta mzee Wekoye, mteja wao wa siku nyingi, ameketi juu ya gunia mlangoni pa mashine. Alikuwa amekunja suruali, na gotini amejifunga sumaku ya spika kuukuu kwa leso.

"Nimekuja na yangu," akasema kwa upole. "Pengine zako zimeisha."

Wakonyo akakumbuka ghafla kwamba ana kazi nyuma ya mashine. Tabby akamwita arudi, kisha akamweleza mzee ukweli: yeye si tabibu. Elektroni, vile vichembe vilivyomo ndani ya kila kitu, kila kimoja ni kama kijisumaku. Ukikipima, utakikuta kimeelekea juu au chini. Kabla ya hapo chaweza kuwa mchanganyiko wa yote mawili. Yeye na wenzake wanataka kuvitumia kutunza habari katika kompyuta za aina mpya. Ila vinavurugika upesi. Joto kidogo tu, au sumaku nyingine ikipita karibu, vinasahau yote, ndiyo maana wengi huviweka kwenye baridi inayoishinda barafu mara nyingi.

Wekoye akatafakari.

"Kwa hivyo kabla hujakipima, hakijaamua?"

"Hakijaamua, mzee."

"Huyo ni ndugu yangu Mukhwana wakati wa kura," akasema. "Lakini yeye hata ukimpima bado."

Tabby akacheka mpaka akashika ukuta. Mzee akafungua leso taratibu, akaiweka sumaku mbali na Tabby, isije ikamharibia masomo.

Wakonyo aliona haya. Akafunga mashine, akampeleka Wekoye zahanati mwenyewe na kupanga foleni naye. Daktari wa magoti alisema goti limechakaa, akampa dawa na kumwambia apunguze mwili. Njiani mzee alinung'unika kwamba ya elektroni aliyaelewa, lakini haya ya kupunguza ugali yana walakini.

Jumapili iliyofuata mama mmoja wa kwaya alimuuliza Wakonyo hasa bintiye anafanya nini. Safari hii alijipanga, akachagua maneno kwa uangalifu.

"Anafundisha vitu vidogo sana visisahau."

"Ah," yule mama akaitikia kwa huruma, "watoto wa nasari. Hiyo kazi inataka subira."

Wakonyo akaanza kueleza, akaacha, akakubali kwamba inataka.