Zamu ya Dada Filomena

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Msamala, mwanangu, nikiwa bado msichana, dada yangu Filomena alipokataa wageni. Ilikuwa zamu yake kupokea jumuiya, wale majirani Wakatoliki wanaosali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Watu husali, wanakunywa chai, wanacheka, wanaondoka. Dada aliitamani siku hiyo kuliko Krismasi. Lakini akasema, "Sakafu yangu ya udongo. Wasubiri nipige saruji."

Sakafu! Kabla ya hapo lilikuwa bati. Alilililia bati mpaka shemeji akauza mahindi, akaezeka. Haki ya Mungu, mvua za kwanza hazijaisha, ameshalizoea, anaitazama sakafu. Moyo ndivyo ulivyo, ukipewa unasahau.

Mama yetu alikuwa anapukuchua mahindi. Akamwambia, "Filo, watu wanakuja kukuona wewe. Furaha unaiweka kiporo, utaila lini?"

Dada akacheka. "Mama naye! Mwakani utaona."

Mwaka uliofuata zamu yake ikarudi, saruji haikupatikana, akakataa tena. Mvua zilipoanza, homa ikamshika na haikumwachia. Tulimzika mahindi hayajatoa hata mbelewele.

Jioni ya msiba jumuiya ikaja. Shemeji alisimama mlangoni, akasema, "Karibuni. Alikuwa anawangoja." Wakakaa chini kwenye udongo uleule, magoti yanagusana, wakaimba. Hakuna aliyetazama sakafu. Mimi nililia kwa uchungu na kwa hasira pia, na hasira hiyo haijaisha mpaka leo.

Sasa na wewe unaniambia utafurahi ukipata ajira, ukifungua duka Majengo, ukioa. Hangaika, sikukatazi, wavivu siwapendi. Ila usiiache furaha nje mpaka nyumba iishe, maana nyumba haiishi. Wala sikudanganyi kwamba furaha inazuia msiba. Mama yetu aliijua furaha, na bado alimzika binti yake. Lakini furaha, kwa nilivyoiona mimi, ni watu kuingia kwako leo wakakukuta, ukawapa ulichonacho. Waite, hata kama ni uji.

Mungu akupe nyumba, mwanangu, na kabla ya nyumba akupe watu. Na wakipiga hodi, akujalie uwe wewe mwenyewe wa kuwaitikia karibu.