Mkeka wa Mlango wa Tatu

Jana mjukuu wangu Rehema alikung'uta mkeka alioanikia dagaa. Harufu ikanijaa puani, nikajikuta nimesimama tena kwenye uwanja wa shule yetu pale Kasingirima, watu wote wananitazama mimi.

Msinicheke, wanangu, niliishia darasa la nne. Lakini mchezo wa kuigiza niliucheza.

Ilikuwa miaka ile watu wa Burundi walipokuja kwetu wakikimbia vita. Dawati moja nilikaa na mmoja wao, Spesioza. Yeye na mama yake, Leokadia, walilala kwenye baraza la shule. Mwalimu wetu Yohana, mtu wa Ilagala, alikuja kwetu kuwaombea chumba cha uani. Mama yangu, Bi Zena, akamjibu, "Mwalimu, hicho ni chumba cha dagaa. Nikikitoa, dagaa nitaweka kichwani?"

Mwalimu akacheka, akaaga. Wiki ile ile akatutungia mchezo wa mtu mwenye mzigo anayetafuta pa kulala.

Alitundika mikeka mitatu kwenye kamba, ndiyo milango, akaiweka mbele kabisa ya watazamaji. Yaani mimi mbisha hodi nilikuwa nje, na watu wa mtaa ndio waliokaa ndani ya nyumba. Mkeka wa tatu aliuazima kwa Mama, na Mama akakalishwa nyuma yake. Nikalalamika kwamba mchezo hauna mwisho, karatasi inakomea kwenye hodi. "Baada ya hapo nifanye nini, Mwalimu?"

"Baada ya hapo nyamaza."

Siku yenyewe, baada ya sala ya alasiri, Spesioza alinifunga mzigo mgongoni. Akautazama, akaufungua, akaufunga upya. "Ule wa kwanza ungedondoka ukikimbia," akasema.

Mlango wa kwanza nikabisha, mtoto ndani akajibu, "Hatupo!" Watu wakaangua kicheko. Wa pili, sauti ikasema, "Tumelala!" na jua lilikuwa bado kali! Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Nikafika wa tatu. "Hodi!" Wakangoja kichekesho. Kimya.

"Hodi!" Hamisi, fundi baiskeli, akapaza sauti, "Hao wamehama!" Wachache wakacheka, kisha wakaacha.

Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unageuka unakwenda zako. Nikaipiga ya tatu. Nikasikia mtoto wa mtu akikohoa kule nyuma. Nikaanza kugeuka.

"Karibu! Karibu, mwana wanje!" Mama huyo, ameinua mkeka, na Kiha chake kimemtoka, ananiita mwanangu. Akanishika mkono, akanivuta ndani.

"Mama, unaharibu mchezo!" nikamnong'oneza.

"Ingia huku! Na huo mzigo lete!"

Vigelegele vikalipuka. Mimi nililia kwa aibu. Mwalimu Yohana hakugomba, aliikunja karatasi yake akaitia mfukoni.

Kabla ya magharibi Mama alikuwa ameshatoa magunia ya dagaa uani. Leokadia akafika na binti yake, akasema hodi moja. Ya pili hakuiwahi, Mama alikuwa ameshamkaribisha. Walikaa kwetu miaka sita, na nguo zetu zote zilinuka dagaa, maana magunia yalihamia chumbani kwetu.

Miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kuchekesha watu, kwamba mama yangu hakujua maigizo. Mpaka siku moja, ameshazeeka, akanikatiza. "Mchezo niliujua, Mwajuma. Ila nilikuwa nimekaa ndani, na ya tatu ilikuwa imeshapigwa."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mikeka ilitundikwa vile, kwa nini milango miwili ya kwanza ilituchekesha, na kwa nini karatasi iliishia pale. Mwisho wa mchezo Mwalimu Yohana aliuacha kwa mama yangu, naye akautoa mbele ya mtaa mzima.

Na aliyembishia hodi ni mimi.